Swali la Kumi na Saba

Vero mwanangu,

Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana. Sasa ni Jumapili alasiri, wewe na mama yako mmekwenda kumuaga bibi, nyumba imenyamaza, na mimi nimekaa mezani nikijaribu mara ya tatu.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutoazimisha nguo zako na za kwenda kanisani, mama yako amekwisha kukupa, na kwa jinsi ninavyomjua atazirudia kesho stesheni mpaka treni iondoke. Mimi sina la kuongeza huko. Nataka kukuambia jambo lililonipata kazini, kwa sababu kazi unayoiendea Tabora ni ndugu ya kazi yangu hii ya Bwana Nyuki. Utapita vijijini na makaratasi, utawauliza watu kwa nini wanachoma misitu, nini kingewafanya waache, na wakiacha nini kitawafanya wasirudie. Mimi nilipita na makaratasi ya namna hiyo miaka minane iliyopita. Nakuonya mapema kwamba sijaelewa hata sasa yaliyotokea. Ukitafuta mwishoni mahali ambapo baba anasema basi fanya hivi, hutapaona.

Unamkumbuka Mzee Gervas. Tulipokaa kule upande wa Sibwesa, yeye ndiye aliyekuwa akikuletea masega ya asali kwenye jani la mgomba, nawe ukila mpaka nyuki wanakufuata hadi mlangoni. Ulikuwa darasa la nne. Kwako alikuwa babu wa asali. Kwangu, mwaka ule wa sabini na moja, alikuwa fomu namba tisa.

Alikuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Alitaka kujua kwa nini warina asali wa huku hawaachi kutengeneza mizinga ya magome. Unajua jinsi ilivyo: mtu anauchuna mti gome zima kuuzunguka, analikunja liwe mzinga, na ule mti unakauka ukiwa umesimama. Mzinga wenyewe haudumu, baada ya misimu michache anachuna mti mwingine. Mzinga wa gogo hudumu miaka mingi, na watu wote walijua kuutengeneza. Sasa kwa nini? Mtaalamu alinipa fomu zenye maswali arobaini, na chini ya kila swali vijumba vya kutia alama. Alikuwa mtu mwema, Vero, sitaki umdharau. Alilala kwetu siku nne, akala ugali wa muhogo bila kulalamika. Aliniambia, "Ndugu, wewe andika wanachosema tu. Hisia zako weka kando, na zao pia, tusije tukapotea." Nikaona ni maneno ya akili sana.

Nilikwenda kwa Mzee Gervas asubuhi, kabla hajaenda shambani. Tulikwenda vizuri mpaka swali la kumi na saba: Kwa nini bado unatumia mzinga wa gome? Vijumba vilikuwa vinne. Kukosa elimu. Kukosa zana. Desturi. Uvivu.

Mzee akatazama jikoni. Nikarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba hakusikia. Akasema, "Lile gogo ni zito, Bwana Nyuki." Nikamwambia wengine wanalipandisha. Akatazama chini, kisha akaacha Kiswahili akaanza kusema Kibende, haraka haraka, na unajua sisi Wakonongo Kibende tunakisikia nusu nusu. Nilikamata jina la Paskali, na neno la kubeba. Halafu akalia. Alilia vibaya, mtu mzima wa umri ule, kamasi na yote, mbele ya mkewe na mbele ya kuku.

Nilifanya nini? Niliogopa. Nilitazama karatasi yangu. Nilisubiri amalize kama mtu anavyosubiri mvua ipite, kisha nikauliza swali la kumi na nane. Nilipofika njiani nikaona kile kijumba cha kumi na saba kitupu. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu amelia. Uvivu haikuwa kweli, hilo nilijua. Nikatia alama kwenye kukosa elimu, kwa sababu niliona ndiyo yenye heshima kidogo.

Fomu zilikwenda Dar es Salaam. Mwaka uliofuata jibu likarudi: watu wanakosa elimu. Ikaletwa semina. Mzee Gervas alihudhuria siku zote tatu, akakaa mstari wa mbele, akachonga gogo zuri kuliko la mwalimu. Kisha msimu ulipofika akaenda porini akachuna gome.

Nilikasirika, Vero. Sasa naweza kusema kwamba ile hasira ndiyo iliyofanya kazi mwaka ule mzima, mimi nikidhani ninafanya kazi ya serikali. Nilimpenda yule mzee, akaipokea semina yangu kisha akaitupa. Nikaona ananidharau. Basi nikaitisha mkutano.

Siku ya mkutano unaikumbuka, maana nyinyi wanafunzi mliimba wimbo wa misitu, na wewe ulisimama mbele kwa sababu ya sauti yako. Baada ya wimbo nilisoma majina ya waliochuna miti. Nilisoma polepole, na baada ya kila jina nikataja idadi ya miti iliyokauka. La kwanza lilikuwa lake. Watu walicheka. Nilitaka wacheke. Nilikuwa nimefikiri usiku kucha jinsi ya kuwafanya wacheke, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba elimu haitoshi, kumbe aibu inatosha.

Mzee Gervas alisimama, akavua kofia, akasema, "Nimesikia, Bwana Nyuki." Akaondoka kwa miguu yake, taratibu. Hakutazama upande wowote.

Na ilifanya kazi! Hapo ndipo panaponichanganya mpaka leo. Msimu ule hakuna mti uliochunwa karibu na kijiji. Walikuja wakubwa kuangalia, wakanipongeza, nikapewa baiskeli ile ambayo mlijifunzia nyote. Mwaka uliofuata nilikwenda mbali zaidi, mwendo wa siku mbili porini, nikakuta kambi ya warina asali wa kijiji chetu. Miti imesimama uchi pande zote, zaidi ya niliyowahi kuhesabu. Walikuwa wamenihama tu. Waliponiona walinikaribisha uji, kwa adabu sana, na hakuna aliyenitazama usoni.

Mzee Gervas peke yake hakuwepo. Yeye aliacha kweli. Aliacha magome, akaacha na nyuki. Kwenye taarifa yangu nilimweka kati ya waliobadilika. Nadhani ndiye pekee niliyemwandika kwa uhakika.

Ulikuja siku moja kutoka shule ukaniuliza, "Baba, mbona Mzee Gervas hatuletei asali?" Nikakufokea. Nikakwambia uache kuombaomba kwa watu. Ulilia, na mama yako akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Hukuwa umeomba chochote, mwanangu. Nilikuwa nimeanza kuzunguka njia ya kisimani ili nisipite mbele ya nyumba ya mzee yule. Na swali lako lilinikuta hapo hapo.

Mama yako ndiye aliyenituma. Alisema, "Nenda kwa Mama Paskali. Kwa mzee utaona haya, nenda kwa mkewe." Nikamwambia kwamba mkewe harini asali, atanijibu nini? Akasema, "Ndiyo maana hujui."

Nikaenda. Nilimkuta anaanika muhogo. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, hakunipa kiti. Nikakaa kwenye kinu. Na hapo, Vero, nikiwa natafuta la kuanzia, ndipo nilipolisikia jina lake kwa mara ya kwanza. Mama Paskali. Nilikuwa nimemwita hivyo kila siku kwa miaka miwili, nimeliandika kwenye fomu, na kwenye nyumba ile sikuwahi kumwona kijana wa jina hilo wala kuuliza yuko wapi.

Nikamwuliza.

"Alianguka," akasema. "Walikuwa wanapandisha gogo, yeye yuko juu anavuta, baba yake yuko chini anasukuma. Tawi likavunjika. Gogo likashuka naye." Aliendelea kupanga vipande vya muhogo. "Kambini hakuna kitanda, hakuna shuka. Baba yake akachuna mti, akamlaza ndani ya gome, wakambeba siku mbili mpaka hapa. Alikuwa bado anasema siku ya kwanza."

Nikasema pole, neno ambalo tunalisema hata kwa mtu aliyejikwaa.

"Nilimwapisha mume wangu asipandishe gogo tena," akasema. "Gome ni jepesi, hata mtu mmoja analiweka. Ulipokuja na karatasi zako nilikuwa pale jikoni. Ningekuambia. Hukuniuliza mimi."

"Yeye aliniambia," nikasema. "Alisema kwa Kibende. Sikusikia vizuri."

"Ulisikia kilio."

Nikakubali kwamba nilisikia.

Kutoka hapo ningeweza kukuambia kwamba nilielewa kila kitu: alikuwa anaogopa magogo, basi. Nilirudi nyumbani na furaha kabisa, najiona nimepata jibu la kumi na saba. Siku chache baadaye nikamfuata mzee mwenyewe, bila karatasi, nikamwomba msamaha kwa ajili ya mkutano, kisha nikamwambia nimejua sasa, ni kwa sababu ya uzito, ni kwa sababu ya Paskali. Akasema, "Huenda." Nikamwuliza, huenda vipi, mzee? Akasema, "Ukiwa porini unachuna, gome linatoka na maji yake, lina harufu. Ile harufu ninaichukia. Na kila mwaka nilikuwa ninaifuata. Sasa wewe niambie ni kwa sababu gani, maana umesoma. Mimi sijui."

Nilikwenda kutafuta sababu nikakuta mwenye sababu naye anaitafuta.

Nilifanya jambo moja nililoliweza. Niliomba waya, nikaletewa kidogo, nikawaonyesha watu jinsi ya kuning'iniza mzinga wa gogo kati ya miti miwili, usawa wa kifua, waya mwembamba kiasi kwamba nyegere, yule mwizi wa asali, hawezi kuupitia. Hakuna kupanda mti. Wanaume waliutazama wakaucheka, kwamba ni mzinga wa watoto. Mama Paskali akaniomba miwili. Yeye na dada yake waliitundika nyuma ya shamba lao la mahindi. Ilikaa mitupu msimu mzima, nikaona sasa aibu ni yangu. Msimu wa pili nyuki wakaingia. Wanawake wengine wakaja kuomba waya, baadaye na waume zao. Mzee Gervas alipita karibu na ile mizinga kila siku akienda shambani, hakuigusa. Kisha siku moja Mama Paskali akakuta waya uliolegea umekazwa. Hakumwuliza. Mimi nilitaka kumwuliza, mama yako akanizuia.

Usidhani basi kwamba nilijifunza kuamini machozi. Nilipita upande wa pili nikaanguka huko. Kule Kapalamsenga kuna mvuvi mmoja alinililia habari ya mamba, ya mke wake, ya ziwa lililokuwa limemchosha, anataka kufuga nyuki aachane na maji. Nililia naye, nakuapia. Nikampa waya wote niliokuwa nao, nikawanyima watu wa vijiji viwili. Niliporudi nilikuta ametegea kwa waya ule samaki na sungura, na mwingine amewauzia majirani. Aliponiona akaanza kulia tena. Na hata hapo sina hakika kwamba alikuwa anadanganya. Huenda mamba alikuwa wa kweli.

Kwa hiyo nikuambie nini? Weka hisia kando, alisema mtaalamu. Niliziweka, nikaandika uongo wenye adabu. Zitumie, niliona mwenyewe siku ya mkutano. Nilizitumia, nikawafukuza watu wakaenda kuua msitu wa mbali. Ziamini. Niliziamini, nikapoteza waya. Ninavyoona mimi, na huenda nakosea, kosa langu mara zote lilikuwa kutotaka kujua zangu kwanza. Nilimwogopa mtu anayelia, nikakasirika kwa sababu nilipenda, nikamlilia mvuvi kwa sababu nilikuwa bado namlilia Gervas. Kila mara kalamu ilishikwa na mtu ambaye sikumjua. Lakini hata hili ninaliandika nikijiuliza kama ni kweli, au kama ni maneno mazuri tu yanayokuja mtu anapomwandikia mtoto wake.

Bado kuna jambo moja ambalo hulijui, kwa sababu ulikuwa shule ya bweni.

Mzee Gervas alifariki mwaka jana, mwanzoni mwa mvua. Nilipata habari nikaenda kwa baiskeli. Nilipofika Mama Paskali akaniita pembeni. Akasema, "Mbao za jeneza hazijapatikana, na hata zikipatikana sizitaki. Nataka alale katika gome kama mwanawe. Vijana nimewaambia, wanakuogopa."

Nikamwambia, "Mama, mimi ni Bwana Nyuki."

Akasema, "Najua wewe ni nani."

Nilikwenda porini na shoka. Vijana watatu walinifuata mbali mbali. Niliuchagua mti mmoja mnene, ulionyooka, nikauchuna mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Gome lilitoka kwa urahisi kwa sababu ya mvua, lote, kama mtu anayevuliwa koti. Na nikaisikia ile harufu. Nilikuwa nikitetemeka, sijui kama ni kwa huzuni au kwa hofu ya kazi yangu, au kwa sababu nilikuwa nafanya vizuri sana kitu nilichokikataza miaka yote. Tulimzika siku ile ile, katekista akasali, hakuna aliyesema neno juu ya gome.

Baada ya mazishi kijana mmoja kati ya wale watatu akaniuliza, "Bwana Nyuki, sasa sisi tufanyeje?" Hakuwa anadhihaki. Nikamwambia sijui. Nikapanda baiskeli nikaondoka, nikiwa na hakika kwamba kazi yangu yote pale imekwisha, kwamba msimu ukifika watachuna kila mti wakisema hata yeye alichuna.

Msimu ulipofika nilikwenda kuhesabu. Nilitembea siku tano, mpaka kule kwenye kambi ya mbali. Miti ya zamani iliyokauka ilikuwepo, mingine imeanguka. Mti mpya uliochunwa nilikuta mmoja tu, na huo ulikuwa wangu.

Nimewauliza kwa nini. Mmoja aliniambia ni kwa sababu ya waya. Mwingine akasema ni kwa sababu wake zao hawataki tena walale porini. Yule kijana aliyeniuliza kaburini alisema, "Tulikuona ulivyokuwa unachuna," akaishia hapo, na nilipomsukuma aendelee akasema ana kazi. Mama Paskali nilimwuliza pia. Alisema ni Mungu, kisha akasema hapana, wamechoka tu. Niliyaandika yote manne kwenye taarifa, na chini yake nikaandika kwamba sijui lililo kweli. Taarifa ikarudishwa, wakisema nijaze sababu moja. Ipo hapa kwenye droo, sijaijaza. Kama ungeniuliza ningesema una macho mapya, ipeleke Tabora uitazame. Lakini usiipeleke, ni mali ya ofisi.

Jua limeshuka, nasikia sauti ya mama yako barabarani, kwa hiyo namaliza.

Wiki hii nimekugombeza sana kwa sababu ya kufuli la sanduku lako. Kwamba ni dogo, kwamba limenunuliwa vibaya, kwamba wewe hujui kuchagua vitu. Siku nne mfululizo, Vero, kufuli tu. Jana ulinijibu kwa upole, "Baba, nitanunua lingine," ukatoka nje. Kama ungenikalisha kitako na karatasi zako ukaniuliza kwa nini nimekasirika, ningekujibu kufuli, na ningekuwa nasema kile ninachokijua. Ungeniandika hivyo.

Ni mimi baba yako, ambaye sitaki uende, na ambaye kesho nitakubebea sanduku.